Kutunza madirisha mapya baada ya fundi kuondoka: mwongozo kamili

Fundi akishakusanya vifaa vyake na kuondoka, dirisha jipya huonekana limekamilika. Bado. Silikoni iliyozunguka fremu imeshika juu tu, ndani ni laini. Plasta iliyorudishiwa pembeni inaendelea kutoa maji. Magurudumu na makomeo hayajatulia chini ya uzito wa kioo. Uharibifu mwingi unaokuja kuonekana mwaka wa pili au wa tatu, kama rangi ya fremu kubabuka, kioo kujaa mikwaruzo au ukuta kulowa chini ya dirisha, huanza siku hizi za mwanzo, na mara nyingi huanzishwa na mwenye nyumba mwenyewe aliyekuwa anasafisha au kuziba kwa nia njema.

Maelezo haya yanahusu madirisha ya alumini na ya PVC (plastiki ngumu), yawe ya kuteleza kwenye reli au ya kufunguka kwa bawaba. Ya mbao yana sehemu yake mbele. Kile kipande kinachofunguka tutakiita bawa.

Ukaguzi fundi akiwa bado yupo

Chukua tepu ya kupimia na upime fremu kwa mshazari: kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ule mshazari mwingine. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 3, fremu haikukaa mraba, na bawa litagusa upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili. Halafu pima upana wa ndani wa fremu mara tatu: juu, katikati na chini. Katikati pakiwa pembamba kuliko juu na chini, aghalabu povu la kujazia nafasi kati ya fremu na ukuta limewekwa kupita kiasi, likavimba na kuisukuma fremu. Pakiwa papana zaidi, skrubu zimekazwa mno zikaivuta fremu kuelekea ukutani. Makosa yote mawili hurekebishika kwa urahisi kabla plasta haijarudishwa. Ikisharudishwa, ni kubomoa.

Fungua na ufunge kila bawa mara kumi huku ukisikiliza. Reli yenye mchanga hutoa sauti kavu ya kukwaruza njia nzima. Gurudumu lililokaa upande au lenye bapa hugonga kwa vipindi vilevile, kila baada ya sentimita chache. Kitu kinachogusa mahali pamoja tu, mara zote, ni skrubu iliyotokeza au fremu iliyopinda hapo.

Kwa madirisha ya bawaba, kata ukanda wa karatasi ya kawaida, uuweke kati ya bawa na fremu, funga komeo, kisha uvute. Ukitoka bila kukataa, raba ya kuzibia ukingo wa bawa haijabanwa mahali hapo. Rudia kila baada ya sentimita 20 kuzunguka bawa lote. Kipimo hiki hakifai kwa madirisha ya kuteleza yanayotumia brashi, yaani utepe wa nywele fupi badala ya raba, kwa sababu brashi haibani, hugusa tu. Kwa hayo, washa tochi upande wa nje usiku na uangalie mwanga unapenya wapi.

Kioo kikague kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni, kabla hujakiosha. Ukikiosha kwanza halafu ndipo uone mkwaruzo, hakuna atakayejua ulitokana na usafirishaji au na sifongo yako. Mwisho, piga picha stika za kiwandani, mhuri ulio kwenye kona ya kioo na maandishi yaliyo kwenye ukanda katikati ya vioo viwili, kama ni dirisha la vioo viwili. Siku kioo kitakapovunjika au gurudumu litakapoisha, picha hizo ndizo zitakazokuwezesha kupata kifaa kinacholingana.

Iache silikoni ikomae

Silikoni haikauki kama rangi. Hukomaa kwa kuvuta unyevu wa hewani, ikianzia nje kwenda ndani, kwa kasi ya milimita 2 hadi 3 kwa siku. Ngozi ya juu hushika ndani ya dakika 10 hadi 30, na hapo ndipo wengi hudanganyika: wanagusa, hainati kidoleni, wanaanza kuosha. Mstari wenye kina cha milimita 6 unahitaji siku mbili hadi tatu, na hewa ikiwa kavu au ya baridi, zaidi ya hapo. Katika muda huo usiuoshe, usiubonyeze, usibamize bawa. Mtikiso wa bawa linalobamizwa huitenganisha silikoni na fremu kwa mwanya mwembamba usioonekana kwa macho, ila maji huupata.

Nusa pia. Silikoni yenye harufu kali ya siki ni ya asidi. Hushika vizuri kwenye kioo, lakini kwenye plasta ya saruji huachia baada ya muda, na inaweza kula chuma kisicho na kinga. Kuzunguka fremu inafaa silikoni isiyo ya asidi, ambayo haina harufu hiyo. Ukigundua ile ya siki imewekwa kati ya alumini na ukuta, mwambie fundi aibadilishe mapema.

Usipake rangi juu ya silikoni halisi. Rangi hujikusanya kama matone ya mafuta na kubanduka. Kama unataka mstari upakwe rangi ya ukuta, mwombe fundi atumie kizibo cha akriliki tangu mwanzo.

Povu la kujazia lisiachwe wazi. Jua huligeuza la hudhurungi, kisha unga. Likibaki linaonekana popote kwa nje, lifunikwe kwa plasta au silikoni. Na likidondokea kwenye fremu ya PVC, liache likauke kabisa, kisha likwangue kwa kipande cha plastiki. Asetoni huliondoa povu bichi kwa haraka, ni kweli, lakini huyeyusha na uso wa PVC pamoja nalo.

Plastiki ya kinga, saruji na cheche

Plastiki inayofunika fremu mpya ibandue mara kazi chafu za ujenzi zinapokwisha. Ikiachwa miezi juani, gundi yake huiva na kushikana na rangi, na plastiki yenyewe hukatikakatika vipande vidogo kama kucha. Ikishafikia hapo, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, uivute polepole ikiwa imelala karibu na fremu badala ya kuivuta kuja kwako. Gundi inayobaki ifute kwa kitambaa chenye spiriti, baada ya kujaribu kwanza kwenye kona iliyojificha. Tina ya rangi, petroli na asetoni visiguse fremu: hupausha rangi ya alumini na kulainisha PVC.

Saruji na chokaa ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu si uchafu tu. Maji ya saruji ni makali. Hula rangi ya alumini, na yakitiririka mara kwa mara juu ya kioo huacha michirizi myeupe ambayo haiondoki kwa sabuni yoyote, kwa kuwa uso wa kioo chenyewe umeshaliwa. Tone bichi lioshe papo hapo kwa maji mengi. Lililokauka lifunike kwa kitambaa chenye maji kwa saa moja au zaidi, lilegee, kisha liinue kwa plastiki. Usilikwangue likiwa kavu, maana chembe za mchanga zilizomo huchora kioo. Asidi ya kusafishia vigae isitumike kabisa karibu na alumini.

Kisha kuna cheche. Ukipanga kuchomelea nondo za dirisha baada ya kioo kuwekwa, au fundi atakata chuma kwa grainda karibu, funika kioo na fremu kwa mbao au turubai nene lililoloweshwa. Karatasi ya nailoni haisaidii, inayeyuka. Cheche ya grainda ni chembe ya chuma yenye joto kali: ikigusa kioo huchimba na kukaa ndani yake. Siku ya pili utaona vidoa vya kahawia kama kutu, na ukipitisha ukucha unahisi vinakwaruza. Hakuna dawa ya kuviondoa. Kioo ni cha kubadilishwa.

Kuosha bila kukwaruza

Usioshe jua likiwa linapiga kioo. Maji hukauka kabla hujayafuta na kuacha madoa ya chumvi. Mpangilio unaofaa ni huu:

1. Ondoa vumbi likiwa kavu. Tumia brashi laini au mashine ya kuvuta vumbi kwenye reli, pembe na kingo za fremu. Ukianza na maji, mchanga hugeuka tope na kujaa chini ya magurudumu.
2. Mwagia kioo maji matupu, kuanzia juu, ili yaondoe chembe zilizoshika. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayookoa kioo.
3. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 5 za maji. Povu likizidi, sabuni imezidi, na itaacha utando.
4. Osha fremu kwanza, kioo baadaye, kwa sifongo laini upande usio na msasa. Uwe na ndoo ya pili ya kusuuzia sifongo.
5. Suuza, kisha vuta maji kwa mpira wa kufutia kutoka juu kwenda chini, ukifuta ukingo wa mpira kila mvuto. Malizia kingo na chini ya kioo kwa kitambaa kikavu.

Kwa madoa ya maji ya chumvi kwenye kioo, siki na maji kwa kiasi sawa, dakika chache, kisha suuza sana. Siki isikae kwenye alumini wala kwenye kizingiti cha marumaru.

Wembe haufai kwa vioo vilivyoimarishwa kwa joto, vile vyenye mhuri mdogo konani. Wakati wa kupikwa kiwandani, chembe ndogo za kioo zinaweza kushikana na uso wake. Wembe huzing'oa na kuziburuta, nawe unabaki na michoro mirefu iliyonyooka. Mashine ya kuoshea ya presha nayo iache kwa ajili ya gari. Maji yenye nguvu hupita raba yoyote na kuchana ukingo wa silikoni.

Kila baada ya miezi mitatu hadi sita panatosha kwa nyumba nyingi. Karibu na bahari, au kando ya barabara ya vumbi, suuza kila mwezi kwa maji matupu, na ukumbuke kwamba fremu iliyo chini ya paa refu, isiyopigwa na mvua, ndiyo inayohitaji maji zaidi. Zile zinazonyeshewa huoshwa na mvua, hizi hujikusanyia chumvi mwaka mzima.

Reli na matundu ya maji

Sehemu hii isome mara mbili kama dirisha lako ni la kuteleza.

Dirisha la kuteleza halikutengenezwa kuzuia kila tone. Mvua yenye upepo hupita kwenye brashi, hushuka hadi kwenye reli ya chini, na hapo fremu ina njia ya kuyatoa: matundu madogo au mipasuo kwa upande wa nje, mara nyingi yenye upana wa milimita 5 hadi 8, mengine yakiwa na vifuniko vidogo vya plastiki. Ukiona maji kwenye reli wakati mvua inanyesha, hilo peke yake si kasoro. Kasoro ni maji yanayobaki mvua ikishapita, au yanayopanda hadi kumwagika ndani.

Kosa linalojirudia kila mahali ni hili: mwenye nyumba anaona maji yakitoka au wadudu wakiingia kwenye vitundu vya nje, anachukua silikoni na kuviziba. Mvua inayofuata reli inajaa kama hori. Maji hayana pa kwenda ila kumwagikia chumbani, au, kwa hatari zaidi, kupenya kwenye pembe za fremu na kushuka ndani ya ukuta. Rangi ya ukuta chini ya dirisha inavimba, lawama anapewa fundi. Kama wadudu ndio shida, bandika kipande cha wavu mwembamba mbele ya tundu, au nunua vifuniko vya plastiki vyenye ulimi unaofunguka maji yanapotoka.

Kipimo chake ni kikombe kimoja cha maji. Safisha reli, kisha yamimine taratibu mwisho mmoja wa reli huku mtu mwingine akiangalia nje. Ndani ya sekunde chache tone la kwanza linapaswa kuonekana kwenye tundu, na ndani ya dakika moja au mbili reli iwe imebaki na unyevu tu. Maji yakisimama, tafuta kwa kijiti chembamba cha mbao au waya uliofunikwa plastiki. Mara nyingi utatoa donge la plasta lililoachwa na fundi, unyoya wa brashi, au kiota cha nyigu cha udongo. Usitumie msumari wala bisibisi, utakwangua rangi na kuacha alumini wazi. Maji yakitoka lakini dimbwi likabaki upande mmoja, fremu imelala upande huo. Hapo ni kazi ya fundi, na ni haki yako kumwita akiwa bado ndani ya muda wa dhamana.

Maji yakipotea kwenye reli bila kutoka nje, simamisha jaribio. Yanaingia ukutani. Chanzo huwa ni pembe ya fremu isiyozibwa, au tundu la skrubu lililotobolewa kwenye reli ya chini. Kwa sababu hiyo, usikubali mtu yeyote atoboe reli ya chini, awe wa pazia, wa nondo au wa wavu. Skrubu zipite pembeni na juu.

Kwa kawaida reli isafishwe kila mwezi. Brashi ya meno iliyozeeka na mashine ya kuvuta vumbi hutosha. Pembeni, ambako uchafu hujibana, tumia brashi ya rangi yenye nywele zilizokatwa fupi.

Kulainisha: kidogo, na mahali pake

Mafuta mabaya huharibu zaidi kuliko kukosa mafuta. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Grisi kwenye reli hunasa mchanga na kuwa msasa. Dawa za kulegeza kutu hulainisha kwa siku chache, kisha hukauka na kuacha utando unaokusanya vumbi.

Kwenye reli na raba tumia dawa ya kunyunyizia ya silikoni, si ile silikoni ya kuzibia. Nyunyizia kwenye kitambaa, pitisha kwenye reli, futa inayozidi. Ukinyunyizia moja kwa moja, itaruka kwenye kioo na sakafuni, na sakafu ya vigae itateleza vibaya. Kwenye makomeo na sehemu za chuma zinazozunguka, tone moja la mafuta ya cherehani. Kwenye tundu la ufunguo, unga wa grafiti badala ya mafuta.

Bawaba za madirisha yanayofunguka nje bila ndoano, zile zenye mikono ya chuma inayoteleza ndani ya mfereji, zinahitaji uangalifu. Ndani ya mfereji kuna kipande cha plastiki kinachosugua. Msuguano huo ndio unaolizuia bawa lisipeperuke na upepo. Weka tone kwenye viungo vinavyojikunja tu. Ukikilainisha kile kipande, bawa halitasimama wazi tena, na siku ya upepo litajibamiza. Mfereji wenyewe usafishwe ukiwa mkavu. Bawaba ikilegea, nyingi huwa na skrubu ndogo kwenye hicho kipande: kaza robo mzunguko, jaribu, ongeza kama inahitajika.

Mara mbili kwa mwaka panatosha kwa vyote hivi. Pwani, mara nne. Skrubu zikianza kuota kutu, zibadilishe kwa za chuma kisichoshika kutu: daraja la 304 kwa maeneo ya kawaida, 316 karibu na bahari.

Marekebisho unayoweza kufanya mwenyewe

Miezi miwili au mitatu ya kwanza, mabawa hushuka kidogo. Bawa la kuteleza likianza kuwa zito au komeo likikosa tundu lake, tafuta skrubu ya gurudumu chini ya kila mwisho wa bawa, ubavuni au nyuma ya kifuniko cha plastiki. Linyanyue bawa kidogo kwa kabari ya mbao ili kutoa uzito, kisha zungusha bisibisi robo mzunguko, upande mmoja baada ya mwingine. Angalia mwanya kati ya bawa na nguzo ya fremu. Ukiwa sawa juu na chini, umefika. Usiinue kupita hapo, maana bawa likipanda sana hugusa reli ya juu, na likishuka sana mtu anaweza kulinyanyua kutoka nje na kulitoa.

Madirisha ya PVC ya bawaba hurekebishwa kwa spana ya alen, mara nyingi ya milimita 4. Vifundo vinavyojifunga kwenye fremu vina umbo lisilo duara kamili. Ukivizungusha, bawa hubanwa zaidi au kulegezwa. Raba mpya ni ngumu, kwa hiyo usiyabane sana mwaka wa kwanza. Raba iliyobanwa kupita kiasi hulala bapa na kusahau kurudi.

Mkono wa komeo ukihitaji nguvu ya mwili mzima, usiulazimishe. Fungua dirisha, zungusha mkono bawa likiwa wazi. Ukizunguka kwa ulaini, komeo ni zima na tatizo ni bawa lililoshuka. Ukiwa mgumu hata hapo, tatizo ni komeo.

Unyevu kwenye kioo

Wengi hudhani kioo kinachotoa jasho ni kioo kibovu. Inategemea upande.

Jasho likiwa upande wa ndani wa chumba, hewa ya chumba ina unyevu mwingi. Wiki za kwanza hili ni la kawaida, kwa kuwa plasta mpya inatoa maji, na madirisha mapya hayavuji hewa kama yale ya zamani. Fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika 10, asubuhi na jioni, hasa baada ya kupika na kuoga. Yafute maji yaliyokusanyika chini ya kioo, maana ukungu mweusi huanzia kwenye raba ya chini.

Jasho likiwa upande wa nje, alfajiri, kwenye dirisha la vioo viwili, ni dalili njema: kioo cha nje kimebaki baridi kwa sababu joto la ndani halikipati. Chumba chenye kiyoyozi kinaweza kuleta jasho hilohilo kwa sababu nyingine, kioo kimepozwa na hewa ya ndani.

Ukungu ukiwa katikati ya vioo viwili, ambako kitambaa hakifiki, kizibo cha pembeni kimepasuka na chembe za kunyonya unyevu zilizo ndani ya ukanda wa katikati zimejaa. Hakiponi. Usikubali kutobolewa kioo ili "kipumue". Piga picha na udai dhamana.

Kwa vioo viwili pia, usibandike karatasi nyeusi ya kupunguza jua kabla ya kuuliza aliyeuza kioo. Karatasi hiyo hukifanya kioo kipate joto kali katikati huku kingo zilizo ndani ya fremu zikibaki baridi, na kioo cha kawaida kinaweza kupasuka chenyewe, ufa ukianzia ukingoni.

Maji yakiingia na hujui yanapotoka

Subiri silikoni ikomae, kisha chukua bomba la bustani bila presha. Mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi za kufutia. Anza chini ya kizingiti, dakika tano. Pasipoingia kitu, panda hadi kwenye mstari wa chini wa fremu, dakika tano, kisha pembeni, kisha juu, na mwisho ukuta ulio juu ya dirisha. Ukianza juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua yalipita wapi. Si ajabu kukuta kuwa dirisha ni zima, na maji yanapita kwenye ufa wa plasta nusu mita juu yake.

Mstari wa silikoni ukiwa ndio mbovu, usiongeze mwingine juu yake, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri kwenye ya zamani. Kata ya zamani yote kwa kisu, futa kwa spiriti, acha pakauke. Mwanya ukiwa na kina kirefu, sukuma kwanza kamba ya povu yenye unene unaozidi mwanya kidogo, ili silikoni ishike pande mbili tu, fremu na ukuta. Ikishika na nyuma pia, hushindwa kuvutika, ikachanika fremu inapotanuka kwa joto. Mstari uwe na upana usiopungua milimita 6 na kina cha kama nusu ya upana. Bandika utepe wa karatasi kila upande, jaza, lainisha mara moja kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na ubandue utepe kabla ngozi haijashika.

Madirisha ya mbao

Mbao mpya isikae bila rangi au vanishi hata wiki chache. Anza na ncha zilizokatwa, juu na chini ya bawa, ambako watu hawaoni. Maji huingia hapo kwa kasi kuliko ubavuni. Puti mpya ya mafuta ya kitani, ile inayoshikilia kioo kwenye mbao, iachwe siku 7 hadi 14 ishike ngozi, kisha rangi ipite juu yake na kuingia kwenye kioo kwa milimita 2, ili kuziba mpaka wa puti na kioo. Raba, brashi na bawaba visipakwe rangi.

Wavu na watoto

Wavu wa mbu utoe, ulaze chini sehemu tambarare na usugue kwa brashi laini. Ukiuosha ukiwa umesimama, utalegea. Wavu hauzuii mtoto kuanguka. Kwenye ghorofa, weka kizuizi kinacholiacha bawa lifunguke si zaidi ya milimita 100, na kijaribu mwenyewe kila mara unaposafisha reli, kwa kulisukuma bawa kwa nguvu zako zote.